Ethanoli kwenye petroli: hesabu ya injini na ya mfuko, kwa macho ya Kasoli

Tanzania bado haina sheria inayolazimisha petroli ichanganywe na ethanoli. Wenzetu kadhaa wanayo. Malawi imekuwa ikichanganya tangu mwaka 1982. Zimbabwe ilifanya jambo hilo kuwa lazima mwaka 2013. Uganda ilipitisha sheria ya nishati ya mimea mwaka 2020, nayo inaruhusu mchanganyiko hadi asilimia 20. India, zinakotoka Boxer na TVS zilizojaa kwenye vijiwe vyetu, ilifika asilimia 20 mwaka 2025, na wenye vyombo wakaja juu wakidai mafuta hayaendi tena. Swali hili linatujia, tutake tusitake, na afadhali tulichambue kabla halijafika pampuni.

Nalipeleka Kasoli kwa makusudi. Hii ni kata ya wakulima wa pamba wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, yapata kilometa elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam. Maandishi mengi juu ya ethanoli humfikiria mtu mwenye gari jipya anayejaza mafuta kwenye kituo kikubwa cha mjini. Vijijini kama Kasoli petroli hushuka kwenye lori, huingia kwenye pipa au dumu, hutoka kwa chupa, halafu huishia kwenye kabureta ya pikipiki ambayo fundi amekwisha kuifungua mara nyingi. Mafuta ni yaleyale, lakini safari yake ndiyo inayobadilisha jibu.

Ethanoli ni ile pombe iliyomo kwenye bia na kwenye konyagi, ila imetolewa maji mpaka ikabaki safi kwa zaidi ya asilimia 99. Hutengenezwa kwa kuchachusha sukari ya miwa, molasi, mahindi, mtama au muhogo, kisha kuitonesha na kuikausha. Ikiwa sehemu 10 kati ya 100 za petroli, mchanganyiko huitwa E10. Ikiwa 20, ni E20. Neno muhimu hapo ni kukausha. Wapo wanaotania kwamba gongo nayo ingefaa tenkini. Haifai hata kidogo: gongo kali inayowaka kwenye kijiko bado ina maji karibu nusu yake au zaidi, na maji hayo ukiyamimina kwenye petroli yatazama chini pamoja na pombe yake, injini inyonye kitu kisichowaka.

Tuanze na mfuko, maana ndiko malalamiko yanakoanzia. Lita moja ya petroli hubeba nishati ya megajuli 32 hivi. Lita ya ethanoli hubeba 21 na kidogo, yaani theluthi mbili tu. Kwa hiyo lita ya E10 ina upungufu wa asilimia tatu na kitu, na ya E20 karibu asilimia saba. Hii haitokani na ubovu wa kiwanda wala ujanja wa mwenye kituo. Ndivyo ethanoli ilivyoumbwa: ndani yake mna oksijeni, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na oksijeni haiungui, husaidia tu vingine viungue.

Chukua bodaboda anayetembea kilometa 135 kwa siku na pikipiki inayokwenda kilometa 45 kwa lita. Leo anatumia lita tatu. Kwa E10 kila lita itamfikisha kilometa 43 na nusu, na siku itamdai lita tatu na kijisehemu cha kumi. Tukiweka lita kuwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, anapoteza shilingi 300 kwa siku, sawa na shilingi 8,000 hivi kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Kwa mwenye pikipiki yake hilo ni jambo dogo. Kwa kijana anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, au aliye kwenye mkataba wa kulipa hadi chombo kiwe chake, shilingi 300 hutoka kwenye chakula chake, kwa sababu hesabu ya bosi haipungui. Ili asiumie, lita ya E10 lazima iwe chini ya lita ya petroli tupu kwa shilingi 100 hivi. Pungufu ya hapo, yeye ndiye anayelipia mpango wa serikali.

Hapo hapo niseme jambo ambalo watu wa kijiweni wanalijua kuliko mimi. Petroli ya chupa mara nyingi haifiki lita. Chupa iliyopungua mililita 100 imemwibia mnunuzi asilimia 10, mara tatu ya kile ambacho E10 ingechukua. Tairi lisilo na upepo wa kutosha, mnyororo mkavu, chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya Bariadi wakati wa kiangazi, na jeti iliyozibuliwa kwa waya wa breki ikapanuka, vyote hivi hula mafuta kila siku bila kulalamikiwa. Ethanoli itakapokuja italaumiwa kwa dhambi zake na za wengine.

Wapo wanaoitetea kwa hoja ya oktani. Ni kweli ethanoli ina oktani ya juu, kwenye 108, wakati petroli ya kawaida inazunguka 91 hadi 95. Oktani ni uwezo wa mafuta kuvumilia mgandamizo bila kujilipukia kabla ya wakati, ile sauti ya kugonga ambayo mafundi huiita kunoki. Injini iliyosanifiwa kwa mgandamizo mkubwa inaweza kuitumia fursa hiyo ikarudisha sehemu ya nishati iliyopotea. Brazili, iliyoanza mpango wake wa pombe mwaka 1975 baada ya bei ya mafuta kupanda duniani, ina magari yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na tangu mwaka 2003 yako mengi yanayokubali mchanganyiko wowote, hata ethanoli tupu. Lakini injini ya pikipiki ya mzigo haina mgandamizo wa kuihitaji oktani hiyo. Ukiipa zaidi ya inachohitaji, haifanyi chochote nayo. Isitoshe, wenye viwanda vya kusafisha mafuta wakijua kwamba ethanoli itaongezwa, huweza kuanza na petroli ya oktani ya chini, ili mwishowe namba kwenye pampu ibaki ileile. Faida hiyo inabaki kwao.

Sasa injini yenyewe. Petroli huungua vizuri ikipata hewa gramu 14.7 kwa kila gramu ya mafuta. Ethanoli hutosheka na gramu tisa. E10 inataka 14.1 hivi, na E20 inashuka hadi 13.5. Gari lenye mfumo wa sindano za mafuta lina kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi; kikiona hewa imezidi, kompyuta inaongeza mafuta na safari inaendelea. Dereva haoni kitu isipokuwa mshale wa geji kushuka mapema kidogo. Kabureta haina macho wala akili. Inatoa mafuta kwa ukubwa wa tundu la jeti, basi. Ukiiletea E10 itapeleka mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko inavyotakiwa, na dalili zake ni zile ambazo kila fundi anazijua: pikipiki inawaka kwa shida asubuhi, inakwama ukivuta mafuta ghafla, inapata moto kuliko kawaida ikipanda mlima na abiria wawili na gunia.

Je, itatoboa pistoni? Kwa E10, sioni sababu. Tofauti ya asilimia nne kwenye mchanganyiko ni ndogo kuliko makosa ya urekebishaji ambayo pikipiki nyingi zinatembea nayo tayari. Tena ile iliyopanuliwa jeti huenda ikatulia zaidi, maana ilikuwa inakunywa mafuta kupita kiasi. Kwa E20 ni habari nyingine. Hapo hewa imezidi kwa asilimia nane hivi, na kwa injini inayopozwa na upepo tu, ikibeba mzigo mzito juani, joto hilo litakula valvu na ringi polepole. Marekani, ilipoidhinisha E15 kwa magari ya mwaka 2001 na kuendelea, ilizikataza pikipiki, boti na mashine ndogo zisiitumie kabisa. Sababu hazikuwa za kisiasa.

India inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiko viwanda vya pikipiki zetu viliko. Ripoti ya serikali yao ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba E20 ingepunguza mwendo kwa lita kwa asilimia 6 hadi 7 kwa magari yaliyosanifiwa kwa petroli tupu na kurekebishwa kwa E10, na asilimia 3 hadi 4 kwa pikipiki za aina hiyo. Yale yaliyosanifiwa kwa E10 na kurekebishwa kwa E20 yangepoteza asilimia 1 hadi 2 tu. Kesi iliyofunguliwa kupinga E20 ilitupwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwezi Septemba 2025. Mtu anaweza kusema: kama Boxer ya India inastahimili, ya Kasoli itashindwaje? Jibu ni kwamba si pikipiki moja. Tangu mwaka 2020 kanuni za moshi za India zimezifanya pikipiki za kule karibu zote zihamie kwenye sindano za mafuta, na tangu 2023 mipira na viungo vyake vimebadilishwa ili vivumilie E20. Zinazoletwa huku kwa ajili ya bodaboda bado nyingi ni za kabureta. Jina ni moja, rangi ni moja, lakini njia ya mafuta ni tofauti. Atakayeleta takwimu za India bungeni alikumbuke hilo.

Kuhusu mipira. Ethanoli huvimbisha na kulainisha aina za raba ambazo petroli tupu inaziacha salama: baadhi ya oringi, sili ya ncha ya sindano ya floti, bomba la mafuta la bei rahisi linalouzwa kwa mita. Huila pia aluminiamu isiyopakwa, zinki na shaba nyeupe ikiwa kuna maji kidogo ndani yake, na miili ya kabureta nyingi imemiminwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki. Fundi akifungua bakuli la floti la pikipiki iliyokaa miezi na mafuta ya namna hiyo, atakuta unga mweupe chini, wakati mwingine wenye ukijani, na jeti ya mwendo mdogo imezibwa. Vipuri halisi vya miaka ya karibuni huvumilia E10. Vya bandia havina ahadi. Na kwa mfuko wa bodaboda, vya bandia ndivyo vinavyofungwa.

Jambo jingine hutokea wiki za kwanza tu, nalo ndilo linaloipa ethanoli jina baya kuliko yote. Pombe ni kiyeyushi kizuri. Uchafu na gamba lililoganda tenkini kwa miaka huanza kubanduka na kuteremka hadi kwenye chujio. Pikipiki inamisi, inazimika njiani, mwenye chombo analaani mafuta mapya. Badilisha chujio, safisha bakuli la kabureta, na tatizo linaisha. Nchi yoyote inayoanza kuchanganya bila kuwaeleza watu jambo hili inajitafutia kelele za bure.

Lakini yote hayo, nishati, oktani, mipira, ni madogo mbele ya maji.

Petroli tupu na maji havipatani. Tone la maji likiingia linazama chini ya dumu, linakaa pale, na muuzaji mwangalifu anaacha kumimina kabla ya kufika kwake. E10 ina tabia nyingine. Ethanoli huyapenda maji, inayashika na kuyasambaza ndani ya petroli yasionekane. Kiasi kidogo si hatari, hata ni nafuu, kwa kuwa kinapita kwenye injini na kuondoka na moshi. Hatari iko kwenye ukomo. Kwa joto la nyuzi 15, E10 hubeba maji ya nusu asilimia tu, joto likipanda inaongeza kidogo. Nusu asilimia ya lita ni mililita tano, yaani kijiko kimoja cha chai. Ikizidi hapo, ethanoli inaiacha petroli na kuyafuata maji. Ndani ya chupa utaona tabaka mbili zenye mstari katikati: juu petroli iliyopungukiwa oktani, chini pombe na maji. Na ndani ya tenki koki ya mafuta huchota chini.

Kwa dumu la lita 20 ukomo huo ni mililita 100 za maji. Dumu lililosuuzwa na kukaushwa nusunusu linaweza kuwa nazo. Pipa lililoachwa nje usiku wa masika, kifuniko chake kikiwa ni mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kamba, linaweza kuwa na zaidi. Wapo wanaotia chumvi wakisema E10 hufyonza unyevu wa hewani ikaharibika kwa usiku mmoja. Si kweli, ndani ya chombo kilichofungwa hiyo ni kazi ya miezi. Kinachoharibu ni maji yaliyomiminika, na kwenye biashara ya madumu na chupa maji ya namna hiyo hayakosekani. Sheria hairuhusu petroli kuuzwa kwa chupa, kila mtu anajua, na kila mtu anajua kwa nini inauzwa: kituo kiko mbali. Mikopo ambayo Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukitoa kwa watu wanaotaka kujenga vituo vidogo vijijini ina maana kubwa kwa mjadala huu kuliko hotuba yoyote juu ya mafuta ya kijani. Tenki la chini ya ardhi lililozibwa vizuri na kupimwa maji kila asubuhi linaweza kuuza E10 bila wasiwasi. Pipa haliwezi.

Kuna mashine moja ambayo kwake tabaka hizo mbili ni kifo cha haraka. Ni ile ya mipigo miwili: msumeno wa kukatia miti, bomba la injini la kupulizia dawa, baadhi ya pampu ndogo. Hizi hulainishwa na oili inayochanganywa ndani ya petroli. Mafuta yakitengana, oili inabaki juu na petroli, na injini ikinyonya tabaka la chini inazunguka kavu. Dakika chache zatosha kukwangua silinda. Jenereta na pampu za mipigo minne hazifi hivyo, ila zina ugonjwa wa kukaa. Pampu ya bustani inayotumika kiangazi na kulala masika yote ikiwa na E10 kwenye kabureta, itaamka na jeti zilizoziba. Dawa yake haina gharama: funga koki, iache injini izunguke hadi izimike yenyewe.

Hapa ndipo uchakachuaji unapoingia, na ni lazima tuutofautishe na mchanganyiko halali. Tatizo letu la zamani lilikuwa mafuta ya taa ndani ya petroli na dizeli. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyochanganywa au yaliyokwepa kodi yatambulike, na bajeti ya mwaka 2011 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua ipungue. Mafuta ya taa hushusha oktani, huleta kunoki, huacha masizi kwenye plagi na huingia kwenye oili. Ethanoli haifanyi lolote kati ya hayo. Mtu akisikia injini inagonga na kuona moshi, ethanoli si mshukiwa wa kwanza. Ila mchanganyiko ukihalalishwa, mchakachuaji anapata kichaka kipya cha kujifichia: atasema mafuta yangu yana ethanoli, ndiyo maana yako hivyo.

Kwa bahati nzuri ethanoli ni rahisi kuipima kuliko mafuta ya taa. Tafuta chupa nyembamba inayoonyesha ndani, yenye alama za mililita. Tia maji hadi mililita 10, ongeza petroli hadi 100, funga, tikisa, ifungue taratibu kutoa hewa, iache dakika kumi. Mstari kati ya maji na petroli ukirudi palepale kwenye 10, hakuna ethanoli. Ukipanda hadi karibu na 19, una E10, kwa kuwa pombe yote imeyafuata maji. Ukifika 25 au zaidi, mtu amekuuzia zaidi ya E10. Fanya hivyo nje, mbali na moto na sigara, na chupa hiyo isirudi jikoni. Kijiwe kizima kinaweza kuwa na chupa moja ya namna hii.

Magari nayo yana neno. Probox, Noah na IST zinazobeba abiria kati ya vijiji na Bariadi mjini zilitengenezwa nyingi kwa ajili ya soko la Japani. Japani iliweka ukomo wa asilimia 3 ya ethanoli kwenye petroli ya kawaida mwaka 2003, na mwaka 2012 ikaruhusu E10 kwa magari yaliyoandaliwa kwa ajili hiyo pekee. Kwa hiyo gari la mwaka 2005 lililokuja kwa meli hadi Dar halina karatasi ya kiwanda inayolihakikishia E10, ingawa jamaa zake waliouzwa Ulaya wengi wanayo. Kwa vitendo, magari ya sindano za mafuta ya miaka ya 2000 huivumilia. Uingereza ilipohamia E10 Septemba 2021 iliacha mafuta ya E5 kwenye pampu ya daraja la juu kwa ajili ya magari ya zamani. Sisi tungeweza kufanya hivyo Mwanza. Kwenye kituo cha kijijini chenye tenki moja la petroli, hakuna pampu ya pili ya kumwelekeza mwenye gari la zamani.

Tuje kwenye swali la ethanoli itatoka wapi, na hapa historia ya jirani ni somo zuri. Kenya ilijenga kiwanda Muhoroni, kwenye ukanda wa miwa wa Kisumu, na kuanzia mwaka 1983 ikauza petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli ya molasi. Mpango ulikufa mwaka 1993. Injini hazikuwa sababu. Bei iliyopangwa na serikali haikumlipa mzalishaji, makampuni ya mafuta hayakuupenda, ukame ulipunguza miwa, na ethanoli ikakuta wanunuzi wazuri zaidi kwenye vinywaji na nje ya nchi. Zimbabwe nayo, iliyoanza Triangle mwaka 1980, iliacha baada ya ukame mkubwa wa 1992, ikarudi miaka ishirini baadaye na kiwanda cha Chisumbanje, na tangu hapo kiwango chake kimekuwa kikipanda na kushuka kufuatana na miwa. Malawi ndiyo iliyodumu, kwa sababu ya mahesabu ya jiografia: haina bahari, mafuta yake husafiri mbali, mengine yakipitia bandari yetu, na kila lita ya ethanoli ya Dwangwa inaokoa nauli.

Tanzania inatumia zaidi ya lita bilioni moja za petroli kwa mwaka. Asilimia 10 yake ni zaidi ya lita milioni 100. Kiwanda cha pombe cha Kilombero kilichofunguliwa mwaka 2013 kilijengwa kutoa lita milioni 12, nazo ni za vinywaji. Mradi mkubwa wa miwa ya ethanoli Bagamoyo, ulioanza na kampuni ya Kiswidi ya SEKAB katikati ya miaka ya 2000, uliishia kwenye mivutano ya ardhi na kesi ya usuluhishi wa kimataifa bila kutoa lita moja ya kuingia tenkini. Leo sehemu ya eneo lile inazalisha sukari ya mezani. Mwongozo wa nishati ya mimea wa mwaka 2010 upo, umekaa. Tukiamuru E10 kesho asubuhi, ethanoli yenyewe italetwa kwa meli, na hoja ya kuokoa fedha za kigeni itakuwa imezama bandarini.

Je, wakulima wa Simiyu wangenufaika? Pamba haitoi ethanoli kwa bei ya maana. Mtama, muhogo na viazi vitamu vinatoa, lakini hivyo ndivyo vinavyoivusha kaya hadi mavuno mengine mvua zikigoma, na mkoani huku mvua hugoma. Tani ya mahindi hutoa lita 400 hivi za ethanoli, maana yake lita moja ni kilo mbili na nusu za nafaka. Tenki la pikipiki la lita 10 za E10 lingebeba kilo mbili na nusu hizo, ugali wa siku moja wa familia ndogo. Ndiyo maana molasi, ambayo ni masalia ya sukari, ni njia pekee ninayoweza kuitetea kwa sasa, na tani yake moja hutoa lita 250 hivi. Viwanda vya sukari viko Kagera, Kilimanjaro, Morogoro na huko Bagamoyo. Kasoli itakuwa mnunuzi tu, kama ilivyo kwenye petroli.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. E10 haitaua pikipiki za Kasoli wala Probox za Bariadi, na anayesema itaua anawatisha watu. E20 isiletwe kwenye nchi ya kabureta. Wizara na EWURA zisitoe amri yoyote ya kuchanganya mafuta kabla vituo vya vijijini havijachukua nafasi ya mapipa, kabla kila pampu haijaandikwa kwa Kiswahili asilimia ya ethanoli iliyomo, na kabla bei elekezi ya kila mwezi haijaonyesha lita ya E10 ikiwa chini kwa shilingi 100 au zaidi. Na nyinyi wa vijiweni, siku amri hiyo itakapotangazwa, dai la kwanza liwe hilo la bei.